Ndama Aliyeezeka Dispensari

Habari ilinifikia kivukoni hapa Garsen, asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi na mdomo uko tayari kumchokoza mtu. Aliyeileta ni mama mmoja muuza samaki ambaye hajui kuzungusha maneno. "Yule mzee wenu wa Baraza amekufa," akaniambia, "amefia shambani kwake, jembe liko mkononi. Na hawa kambale ni wa leo, unachukua au huchukui?" Nikachukua. Hata sijui kwa nini, maana nyumbani samaki walikuwapo. Nyinyi mnaonisoma kila mara mnajua mimi sina ugonjwa wa kunyamaza. Lakini siku ile nilipita soko zima na kambale wangu ananing'inia kwenye ukili, nikampita hata yule fundi cherehani ambaye kila siku lazima nimuulize kama suruali yangu itakwisha kabla ya Kiyama, na sikumwambia kitu. Jioni jirani akaja kuniuliza kama nina homa.

Jina lake silitaji, safu hii haina mazoea ya majina, na tena kwa huku kwetu halina haja. Ukisema tu "Hilo Tumemaliza", hata mtoto wa kule Wenje atajua unamsema nani. Jina hilo la utani alijipatia mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa Baraza letu dogo la hapa, Baraza lenye kasha moja la chuma na kufuli kubwa kuliko mali iliyomo, na kila mara mtu aliposimama akalia kwamba jambo fulani haliwezekani kwa sababu hakuna fedha, yeye alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali, akasema: "Kweli, fedha hakuna. Haya, hilo tumemaliza. Sasa tuzungumze kazi." Kwake yeye kukosa fedha hakukuwa mwisho wa mkutano. Ilikuwa ni salamu za kufungulia. Alikuwa Mpokomo wa kando ya mto, mkulima wa mpunga na ndizi, mfupi, mbishi, koti lake la khaki moja tu mvua na jua, na mimi nilikuwa mkalimani wake. Kipokomo nilipewa na mama yangu, Kiorma nilikipata kwa kuchunga ng'ombe za watu, na Kiswahili nilipewa shuleni pamoja na viboko, viboko vya fimbo nasema, si hawa wa mtoni. Shule yenyewe niliiacha mapema kidogo, au yenyewe iliniacha, tunabishana mpaka leo.

Nataka niwaambie habari ya mwaka ule mbaya. Wengine mnaukumbuka. Mto ulijaa ukapita kingo, ukala mpunga wote wa bondeni, na maji yalipoanza kushuka, ikaja karantini ya ng'ombe. Mnada ukafungwa. Wanunuzi wa kutoka mbali hawaji, Waorma wafugaji hawauzi, na mtu asiyeuza hana cha kutozwa. Sasa Baraza letu lilikuwa linaishi kwa ushuru wa mnada, ushuru wa ngozi, na kidogo cha soko. Vyote vikakauka pamoja, mwaka ambao maji yalikuwa mpaka mlangoni. Bwana DC, mkuu wa wilaya, akaleta ujumbe kwamba makadirio yetu hayakai: mapato huku, matumizi kule, na katikati kuna shimo. Hakuwa mkali, alisema wazi tu. Kabla hajapita huku tena kukagua, Baraza lionyeshe namna ya kuziba shimo lile, na kama halina namna, basi lifunge dispensari, na dresa anayetutibu apelekwe kwingine. Dawa zilikuwa zinatoka serikalini, lakini dresa wa kuzitoa alikuwa analipwa na sisi, na ndiye mzigo mkubwa kuliko yote.

Mtu wa mjini atasema dispensari ni chumba kimoja cha udongo, ikifungwa mtajenga nyingine. Kwetu si hivyo. Kabla ya kile chumba, mgonjwa wa Garsen alilazwa ndani ya mtumbwi akateremshwa mpaka Kipini, au akabebwa kwa machela kushika njia ya Malindi, na mamba, jua na homa vyote vinamsindikiza. Mdogo wake mzee huyu, mtoto wa mama mmoja, aliumwa mguu na mamba, akafia mtumbwini akiwa bado anaona minazi ya kwao. Mzee hakuitaja habari hiyo hata siku moja mbele yangu. Lakini kila mtu aliijua, na ndiyo maana yule DC aliposema dispensari ifungwe, wajumbe wote walitazama chini isipokuwa yeye.

Mkutano wa kwanza wa kupunguza matumizi ulikuwa wa kuchekesha, ingawa mimi ndiye niliyechekwa. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, maana nyumba ya Baraza tulikwisha kuipangisha kwa mfanyabiashara mmoja aweke magunia yake, sisi tukahamia kwenye kibaraza cha dispensari. Wajumbe wa Kipokomo upande huu, wajumbe wa Kiorma upande ule, mimi katikati kama kamba ya kivuko, navutwa huku na huku. Mafuta ya taa yakafutwa. Mfagiaji wa soko akafutwa, wauza samaki wafagie wenyewe. Kisha mwenyekiti akasema kwa Kipokomo, pole pole, bila kunitazama: "Na mkalimani naye aachishwe." Kazi ni kazi. Nikawageukia Waorma nikatafsiri kwa sauti nzuri kabisa kwamba mkalimani naye aachishwe. Wakakubali, nikarudisha kwa Kipokomo kwamba wamekubali. Nikaketi chini. Mzee mmoja wa Kiorma akaanza kusema, akasema sana, mkono unapanda na kushuka, alipomaliza wote wakanitazama. Mimi natazama mto.

"Amesema nini?" mwenyekiti akauliza.

"Sijui, baba. Mimi si nimeachishwa?"

"Umeachishwa mwisho wa mwezi. Leo bado uko mikononi mwetu. Tafsiri."

"Amesema," nikamwambia, "Baraza lililofukuza mdomo wake litakula kwa wapi."

Watu walicheka mpaka dresa akachungulia dirishani kuona nani amezidiwa. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alitikisa kichwa. "Kweli. Haya, hilo tumemaliza. Mkalimani hatuna fedha ya kumlipa na hatuwezi kukaa bila yeye. Nani ana samaki? Nani ana mchele?" Basi kuanzia siku hiyo mshahara wangu ukawa unapumua au unanuka. Wiki nyingine kuku, wiki nyingine kambale, wiki nyingine mkungu wa ndizi ulioniuma bega mpaka nyumbani. Nilinenepa, nisiwafiche.

Nafikiri ni pale, kwa kunilisha mimi, ndipo alipoona njia ya kumlisha dresa. Dresa wetu alikuwa mtu wa milimani, mtaratibu, kaptula yake imepigwa pasi hata siku za mafuriko. Mwenyekiti alimwendea akamwambia wazi: Baraza linaweza kukupa nusu ya mshahara mpaka mnada ufunguliwe, nusu iliyobaki tutakulisha, ukikubali unatuokoa, ukikataa hatukulaumu. Dresa akauliza atalishwa nini. Wapokomo wakatoa kipande cha shamba kando ya mto na wakalilima wenyewe. Ule msemo wa mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, sisi tuliugeuza, jembe tulilishika wenyewe, mgeni tukamwomba akae tu asiondoke. Na yule mzee wa Kiorma, yule wa mkono kupanda na kushuka, akaleta ng'ombe. Ng'ombe mweupe, mwenye mimba kubwa, pembe zimepinda kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni. Akamfunga uani kwa dispensari, akasema dresa akamue anywe. Haikupita muda ng'ombe akazaa pale pale, ndama jike, mzuri sana, na kila mgonjwa aliyekuja kwa homa alikuwa lazima kwanza apite amshike masikio.

Hapa ndipo palipoharibika, na mtu mgeni hawezi kuelewa paliharibikaje. Kwa Mpokomo, mtu akikupa mkungu wa ndizi, mkungu ni wako, kula, gawa, badilisha kwa samaki, hakuna atakayerudi kuuliza. Kwa Muorma, mtu akikupa ng'ombe wa kukamua, amekupa maziwa. Ng'ombe ni wake, ndama ni wake, na ndama wa ndama huyo ni wake. Anakusitiri kwa shida yako, shida ikipita anamrudisha mnyama wake zizini. Wenyewe jambo hili hawalisemi, kama vile wewe huwezi kumwambia mtu uliyempa kiti akalie kwamba asikichome kuni. Hakusema, mwenyekiti hakuuliza, na mimi mkalimani sikuwa na cha kutafsiri, kwa sababu hakuna aliyetamka neno.

Basi zikaja mvua za kwanza, paa la dispensari likaanza kuvuja, na linavuja wapi? Juu ya kabati la dawa. Dresa akawa analala amekumbatia makopo ya vidonge kama mtu na watoto wake. Mabati hatuna, fedha hatuna, hilo tumemaliza. Mwenyekiti akamtazama ndama. Amezaliwa uani kwa dispensari, anakula majani ya dispensari, ni wa nani kama si wa dispensari? Akamwongoza mwenyewe mpaka Tarasaa, akambadilisha kwa mwenye duka mmoja akapata mabati, yakaja kwa mtumbwi, na kabla ya Ijumaa paa limefungwa. Mkutanoni alikuwa na furaha ambayo sijapata kumwona nayo. "Ndugu wajumbe," akasema, "watu husema Baraza halizai. Limezaa, na mtoto ametuezekea nyumba." Nikawatafsiria Waorma. Mzee mwenye ng'ombe siku hiyo hakuwapo, alikuwa na ng'ombe wake huko nje, na wale wenziwe wawili waliokuwapo walitazamana, mmoja akashika ndevu, wakaondoka kabla ya chai. Mimi nilidhani ni mawingu ya mvua wanayoyaogopa.

Kumbe asubuhi ya baada ya ndama kuondoka dresa alikwenda kukamua, hakupata kitu. Na siku iliyofuata hakupata kitu tena, akapata teke. Ng'ombe anazunguka kamba yake, analia, analia mpaka wagonjwa wakaanza kusema wana ahueni wanataka kwenda kwao. Sisi watu wa mtoni tukaanza kutoa maarifa yetu. Mmoja akasema amelogwa, mmoja akasema amekula jani baya, mimi nikasema labda naye amepunguziwa mshahara. Hatukujua kwamba ng'ombe wa Kiorma hatoi maziwa asipomwona ndama wake. Anayazuia. Huwezi kumlazimisha, huwezi kumdanganya kwa wimbo. Dresa, mtaratibu kama alivyokuwa, alivumilia nusu ya mshahara, akavumilia ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, lakini kuvumilia vyote hivyo bila maziwa na huku anapigwa mateke kulimshinda. Nikamkuta anakunja mashuka yake anayaingiza sandukuni. "Bwana mkalimani," akaniambia, "nawapenda sana, lakini siwezi kuwatibu na mimi niwe mgonjwa wenu. Bwana DC akipita huku, nitaondoka naye." Na DC alikuwa anatarajiwa siku yoyote mvua ikitoa nafasi barabarani.

Yule mzee wa Kiorma naye akaja siku hiyo hiyo. Kwa ile mvua ng'ombe wake walikuwa wanahama kutoka mtoni kwenda malisho ya mbali, na kabla ya kuhama alipita kumwangalia mnyama wake. Alisimama uani, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, akamsikiliza ng'ombe akilia. Hakuuliza ng'ombe ana nini. Aliuliza: "Ndama yuko wapi?"

Nikamtafsiria mwenyekiti. Mwenyekiti, kwa fahari, akaonyesha juu: "Yule pale, kwenye paa."

Nilitafsiri neno kama lilivyotoka, na mpaka leo nasikia baridi. Mzee yule alitazama mabati kwa muda mrefu. Kisha akasema, wala si kwa kelele: "Mwambie rafiki yako nilimsitiri akanivua nguo. Yule alikuwa jike. Ameuza ndama mmoja, ameuza zizi langu la kesho. Ng'ombe namchukua. Na hakuna Muorma atakayeleta kitu hapa tena, na kwenye mkutano wenu hatuji." Mwenyekiti ndipo akaelewa, nikaona anaelewa, uso wake ukashuka kidogo kidogo kama maji yanapotoka shambani. Akaniambia niulize kama ndama anaweza kurudishwa. Haikuwezekana. Habari ilikwisha kutufikia kwamba mwenye duka alimtoa kwenye arusi, wakamla. Sasa tazameni hesabu ya siku hiyo: dresa anafunga sanduku, Waorma wanajitoa, DC yuko njiani, na kosa lote limetoka kwa mtu mmoja aliyekuwa anajaribu kuokoa.

Angekuwa mwingine, angeitisha wazee wa gasa, lile baraza la jadi la Wapokomo, wakae wapige maneno mpaka Waorma wachoke. Angekuwa mwingine angesema ng'ombe alikuwa uani kwetu, mna shahidi gani. Yeye alivua kofia. "Mwambie nimekosa," akasema. "Mwambie sikujua, lakini kutojua kwangu hakumrudishii ndama. Mwambie ng'ombe sina, na fedha sina. Haya, hilo tumemaliza." Akaelekeza kofia kule mtoni. "Mwambie nina mto."

Hamuwezi kujua uzito wa neno hilo kama hamjaishi hapa. Kila kiangazi ng'ombe wa Waorma wanarudi na kiu, na mto wote pande hizi umepakana na mashamba ya Wapokomo. Njia za kupitisha ng'ombe kwenda kunywa, ambazo huitwa malka, zilikuwa zimezibwa moja moja kwa mahindi na ndizi, na kila mwaka watu wanapigana pale kwa fimbo na mapanga. Huyu mzee wa Kiorma alikuwa anazungusha ng'ombe wake mbali sana kutafuta mahali pa kuteremkia. Na shamba la mwenyekiti lilikuwa pale pale katikati, ukingo wake umelala taratibu, hauna genge, hauna tope la kunasa. Alisema atakata ndizi zake, afungue njia pana kutoka nyika mpaka majini, na ng'ombe wa mzee yule na wa wanawe wapite kiangazi chote, kila kiangazi, maisha yote ya yeye mwenye shamba, bila kuombwa kitu. "Ndama wako angezaa," akasema, "na njia hii nayo itazaa."

Aliyejibu ni mke wa mwenyekiti, aliyekuwa amekuja na mwanawe mwenye jicho bovu, akasikia yote. "Kumbe," akasema, "umeuza ndama wa watu, sasa unauza ndizi zangu. Kesho utaniuza mimi uezeke jiko."

"Mama, tutakufa na ndizi zetu na hatuna dispensari," mumewe akamjibu.

"Sikusema hapana. Nasema uwe unaniuliza." Akaniachia mtoto, akaondoka, nasi tukadhani amekwenda kulia. Alikwenda shambani. Tulipomfuata tukamkuta ameshika panga anaangusha migomba yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. "Kama itakatwa," anasema, "naikata mimi, maana nyinyi wanaume mtaniachia visiki ng'ombe wa watu wavunjike miguu." Mzee wa Kiorma akasimama akamtazama mwanamke yule anavyopiga panga. Nadhani maneno ya mwenyekiti hayakumtosha, lakini migomba ile ilimtosha. Akanigeukia: "Mwambie mume wake aende akalete ngozi."

"Ngozi gani?"

"Ya ndama. Mwenye duka hawezi kuitupa ngozi."

Mwenyekiti alikwenda Tarasaa kwa miguu kwenye tope, hakumtuma mtu, akarudi na ngozi begani kesho yake. Mzee akaijaza majani makavu, akaifunga funga, akaisimamisha mbele ya ng'ombe. Ilikuwa kitu cha ajabu, ndama mwenye tumbo la nyasi na miguu ya vijiti, ukimwona gizani unaokoka siku hiyo hiyo. Lakini ng'ombe aliinusa, akaanza kuilamba, akatulia. Mzee akainama akakamua, maziwa yakalia ndani ya kibuyu, akampa dresa mkononi. Dresa akanywa. Akaingia ndani. Tulisikia mfuniko wa sanduku ukifunguliwa na mashuka yakitoka, na nawaambieni sijapata kusikia muziki mzuri kama ule.

DC alipopita alikuta dresa kazini, paa zima, shamba la dresa limestawi, na ndama wa majani amesimama uani akilambwa. Akauliza kile ni nini. Mwenyekiti akaniambia: "Mwambie hayo ndiyo makadirio yetu." Nikamwambia hivyo hivyo. DC alitazama ndama, akatazama mabati, akaandika kitu, na dispensari haikufungwa. Mnada ulipofunguliwa dresa akarudishiwa mshahara wake kamili, nami nikarudishiwa wangu, na nikakonda.

Nimeandika haya kwa sababu siku hizi nasikia mabaraza mengi yakilia, hata yale ya miji yenye taa. Wajumbe wanakaa, wanasema hakuna fedha, wanakunywa chai, wanaondoka, na wananchi wanaambiwa wavumilie. Mimi sina elimu ya mambo ya hazina. Lakini nilikaa katikati ya watu wawili wasiosikilizana lugha wakaziba shimo la mwaka mzima, na nilichokiona ni kwamba shimo lile halikuzibwa kwa werevu. Werevu ndio uliomuuza ndama. Lilizibwa siku mtu mkubwa alipokubali mbele za watu kwamba amekosa, kisha akatoa kitu kilichomuuma. Kupunguza mshahara wa mkalimani ni rahisi, haukuumi wewe. Baraza linalopunguza vya wengine tu watu huliona kama karantini nyingine.

Tulimzika juu ya ukingo, pale maji hayafiki. Ilikuwa kiangazi, na wakati tunafukia, ng'ombe walikuwa wanapita kwenye ile njia kwenda majini, vumbi lao likawa linatufikia. Kulikuwa na mnong'ono, sitauficha. Mwanawe mkubwa amekuwa akisema kwamba ahadi ilikuwa ya maisha ya baba, baba ameondoka, na ardhi ile ndizi zinaitaka. Hana kosa, ahadi ndivyo ilivyokuwa, niliitafsiri mwenyewe. Watu wakawa wanangoja kuona mzee wa Kiorma atasema nini. Amezeeka sasa, anatembea na wajukuu. Alikuja baada ya sala zetu kwisha, na nyuma yake mjukuu anavuta ng'ombe mweupe, pembe zimepinda vile vile, na ndama ubavuni. Nikasogea, nikasafisha koo, mkalimani wenu tayari kwa kazi. Akanisukuma pembeni kwa fimbo. Akamwendea mjane, akampa kamba mkononi, akamwambia kwa Kiswahili chake mwenyewe:

"Hii maziwa tu, mama. Mtoto yake hapana uza."

Mjane alitazama kamba, akamtazama ndama, akatazama kule njia inakoteremka kwenye maji, mahali palipokuwa migomba yake. Mwanawe alitaka kusema neno, yeye akainua mkono. "Mwanangu, hilo tumemaliza," akasema. "Njia inabaki. Sasa njoo hapa ujifunze, anakamuliwa vipi huyu."

Mwaka huu tena mto umekula mpunga, na Baraza letu lina shimo jingine, na nimesikia tayari kuna mtu anasema dispensari ni mzigo. Mkutano uko wiki hii. Mimi nitakuwapo, kwenye mkeka wangu katikati, maana kunifukuza walishindwa. Atakayesimama kusema fedha hakuna nitamtafsiria kwa lugha zote tatu, neno kwa neno, kama kazi yangu inavyotaka. Kisha nitaongeza moja ambalo hakulisema, na mkitaka kunikata mshahara kwa hilo nikateni: haya, hilo tumemaliza. Nani ataanza kukata migomba yake?